Maswali ya Wasomaji: Mshenga wa Maabara, Sumaku Yake, na Dawa Ambayo Bado Haijazaliwa

Barua tatu za mwezi huu, kutoka Mbarara, Jinja na Masaka, zimegusa jambo moja kwa njia tofauti, nasi tumeona afadhali tuzijibu pamoja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa tatu hapa Mbarara. Msimamizi wangu amenipa mradi wa kutengeneza kichocheo cha kitosani na chembe za sumaku, kisha nikitumie kuunda kampaundi ziitwazo dihidropirimidinoni, ambazo makala za kisayansi husema zina uwezekano wa kupambana na saratani. Nilipokwenda nyumbani Bushenyi wakati wa likizo, baba mkubwa aliwatangazia majirani kwamba mwana wao anatengeneza dawa ya kansa, na tangu siku hiyo watu wawili wamenipigia simu wakiiomba. Naomba mnieleze kwa lugha nitakayoweza kumsomea baba mkubwa: kichocheo hiki ni kitu gani, sumaku inahusikaje, na je, ninatengeneza dawa au sitengenezi? — Mwanafunzi, Mbarara

JIBU: Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa kuna watu wawili wanaosubiri simu yako. Hutengenezi dawa. Unatengeneza chombo cha kuundia kampaundi, na baadhi ya kampaundi hizo zina umbo ambalo watafiti wa saratani wamekuwa wakilichunguza kwa miaka mingi. Kati ya umbo hilo na kidonge anachopewa mgonjwa kuna safari ndefu ambayo kampaundi nyingi huanza na chache mno humaliza. Wapigie leo uwaambie hivyo, kisha turudi maabara.

Kichocheo, kwa mfano ambao baba mkubwa hatauhitajia tafsiri, ni mshenga. Familia mbili zinazotaka kuoana huweza kukaa miaka zikitazamana kwa mbali. Mshenga akiingia, mazungumzo huenda kwa haraka, mahari hukubaliwa na harusi hufanyika, naye haoi wala haolewi, bali huondoka akiwa yule yule na kwenda kushughulikia posa nyingine. Ndivyo kichocheo kinavyofanya kwa molekuli: huzikutanisha, huzilegezea masharti, mmenyuko ambao ungechukua siku nzima kwa joto kali hukamilika kwa muda mfupi na joto la wastani, nacho hubaki kama kilivyokuwa.

Shida ya kemia ya dawa ni mshenga asiyetaka kuondoka baada ya harusi. Mmenyuko uliopewa uligunduliwa na Mwitaliano Pietro Biginelli mwaka 1891. Aliunganisha vitu vitatu katika chungu kimoja, yaani aldehaidi, asetoasetati ya ethili na yurea (yurea ile ile inayouzwa kwa magunia kama mbolea), akachemsha katika alkoholi pamoja na asidi kidogo ya haidrokloriki. Vitu hivyo vitatu hushikana vikawa pete moja ya atomi, ndiyo dihidropirimidinoni yako, na kinachotupwa ni molekuli mbili za maji tu, jambo ambalo hata leo ni fahari kwa mmenyuko wowote. Ila asidi ile imeyeyuka ndani ya mmumunyo, hivyo haina budi kuzimuliwa, kuoshwa na kumwagwa, na Biginelli mwenyewe alipata mazao (yaani kiasi cha kampaundi inayopatikana mwishoni) ya wastani au chini ya hapo. Waliokuja baadaye walitumia chumvi za metali mbalimbali. Mazao yakaongezeka, lakini metali ikabaki ndani ya kile kinachotarajiwa kumezwa na binadamu. Viwango vya kimataifa vya usafi wa dawa haviruhusu, kwa mfano, zaidi ya mikrogramu 100 za paladiamu kwa siku katika dawa ya kumeza, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu; kuishusha metali hadi kiwango hicho ni kazi inayoweza kugharimu kuliko mmenyuko wenyewe.

Njia mojawapo ya kumtoa mshenga ni kumfanya awe kitu kigumu kisichoyeyuka, ili mwishoni achujwe kama majani ya chai. Hapo kunazuka ubishi kati ya haja mbili. Kichocheo kigumu hufanya kazi kwa uso wake, kwa hiyo kadiri kinavyosagwa ndivyo kinavyofaa: mchemraba wa milimita moja ukigawanywa kuwa vichemraba vya nanomita 10 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), jumla ya uso wake huongezeka mara laki moja. Lakini chembe za ukubwa huo hupenya karatasi ya kuchujia, au huiziba kabisa ukabaki umekaa ukihesabu matone. Sumaku ndiyo iliyoamua ubishi huo. Kiini cha kichocheo kikiwa magnetiti, yaani ile oksaidi nyeusi ya chuma ambayo fomula yake ni Fe3O4, unaweka sumaku nje ya chupa, unasubiri dakika moja au mbili, vumbi lote jeusi linajibandika ukutani, unamimina kilicho safi na kichocheo kinabaki chupani kikingoja posa ya pili.

Kuna jambo moja hapo ambalo wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo zuri kuliko yote. Kipande kikubwa cha magnetiti kikishaguswa na sumaku huwa sumaku chenyewe, na vipande viwili vya namna hiyo hung'ang'aniana. Chembe zikiwa ndogo chini ya nanomita 20 hivi, tabia hubadilika: huvutwa kwa nguvu sumaku inapokuwa karibu, na ikiondolewa husahau kabisa kwamba ziliwahi kuvutwa, kwa sababu joto la kawaida la chumba linatosha kuugeuzageuza uelekeo wa usumaku wao. Bila usahaulifu huo, kichocheo chako kingekuwa donge baada ya matumizi ya kwanza, na uso wote tulioupata kwa kusaga ungepotea.

Magnetiti tupu, hata hivyo, ni mshenga asiye na maneno. Hugandamana kwa urahisi, hewa huigeuza polepole kuwa kahawia, asidi huiyeyusha, na juu ya uso wake hakuna mengi ya kushikia molekuli. Hapa ndipo polima za viumbe, yaani molekuli ndefu kama minyororo, zinapoingia. Kitosani hupatikana kutokana na kitini (wasomaji wasidhani nasema kwenye kiti), kitu kinachoyapa maganda ya kamba, kaa na wadudu ugumu wao, ambacho kwa wingi miongoni mwa polima za namna yake duniani kinaifuata selulosi. Kila kiungo cha mnyororo wa kitosani kina vikundi vya haidroksili, na vingi vyake vina pia kikundi cha amino. Vikundi hivyo hushika chuma kwa upande mmoja na kwa upande wa pili hushika molekuli zinazomenyuka, au metali nyingine kama shaba, isikimbie. Selulosi, wanga na alijineti hutumika pia kwa kazi hiyo hiyo. Sisi wa Uganda tusilie kwamba hatuna bahari: migomba inayokatwa kila siku baada ya kuvunwa matoke ni selulosi tele, vivyo hivyo makapi ya miwa ya Kakira na Lugazi, na wanga wa muhogo hauhitaji kutafutwa. Alijineti ndiyo hatuna, kwani hutoka kwenye mwani wa kahawia. Hata mwani unaolimwa Zanzibar, ambao ni wa jamii nyekundu, hutoa karajini na si alijineti.

Matayarisho yenyewe si ya kutisha. Njia ambayo Mfaransa René Massart aliieleza mwaka 1981 bado ndiyo inayofuatwa na wengi: chumvi mbili za chuma, ile ya chaji mbili na ile ya chaji tatu, kwa uwiano wa moja kwa mbili, huyeyushwa majini, kisha amonia huongezwa huku mmumunyo ukikorogwa, na mashapo meusi kama masizi huanguka papo hapo. Kitosani, ambacho hakiyeyuki katika maji matupu lakini huyeyuka katika asidi ya siki iliyozimuliwa, kikiwekwa humo tangu mwanzo, huanguka pamoja na magnetiti amonia inapoingia na kuizunguka. Fukuza hewa kwa naitrojeni ukiweza, la sivyo weusi utageuka kutu mbele ya macho yako. Wala usiwe mkarimu mno kwa kitosani, kwa kuwa gamba likiwa nene sumaku huivuta chembe kwa unyonge.

Sasa onyo ambalo pengine msimamizi wako amekwisha kukupa. Kitosani ni besi dhaifu, yaani kinyume cha asidi. Huenda vizuri na mimenyuko inayopenda besi, kama ile ya kuunda kampaundi ziitwazo kromeni, ambayo hutumia malononitrili; na ukifika huko vaa glavu na fanya kazi ndani ya kabati la hewa, maana malononitrili ikiingia mwilini hutoa sianidi. Mmenyuko wa Biginelli kwa kawaida hupenda asidi. Ndiyo maana watafiti wengi hukipa kitosani vikundi vya asidi ya salfoniki, au hukibebesha shaba au metali nyingine, kabla ya kukitumia. Ukiona kitosani chako kitupu kinafanya kazi vizuri mno, usishangilie kwanza. Fanya mmenyuko bila kichocheo chochote kwa joto lile lile. Fanya na magnetiti peke yake. Fanya na kitosani peke yake. Kisha fanya jaribio moja zaidi: mmenyuko ukifika katikati, ondoa kichocheo kwa sumaku mchanganyiko ukiwa bado moto, halafu uache uendelee. Ukiendelea kwa kasi ile ile, mshenga wako hakuwa yule mwenye sumaku, bali metali iliyovuja kimyakimya ikaingia kwenye mmumunyo. Makala za aina hii zimekuwa nyingi, na nyingi zinafanana kama maharage ya gunia moja: mazao zaidi ya asilimia 90, kichocheo kimetumika mara tano au sita, picha ya chupa na sumaku pembeni. Inayonifanya nisome hadi mwisho ni ile yenye majaribio manne niliyoyataja.

Saratani imeingiaje? Pete ya pirimidini, jamaa ya karibu ya hii unayoiunda, imo ndani ya vijenzi vya DNA, na dawa ya fluorourasili, iliyoundwa mwaka 1957 na inayotumika mpaka sasa, ni pirimidini iliyobadilishwa kidogo ili kuidanganya seli inayogawanyika. Lakini hadithi ya dihidropirimidinoni ilipata uhai mwaka 1999, watafiti wa Marekani walipotangaza kampaundi waliyoiita monastroli, ambayo huundwa kwa mmenyuko ule ule wa Biginelli, thayoyurea ikichukua nafasi ya yurea. Seli inapojiandaa kugawanyika hutandaza nyuzi kutoka ncha mbili zinazosukumana, na protini iitwayo Eg5 ndiyo inayozisukuma ncha hizo zitengane. Monastroli huizuia Eg5. Ncha hazitengani, kromosomu hujipanga kuzunguka kitovu kimoja kama nyota, na jina monastroli limetokana na nyota hiyo moja. Seli hukwama hapo. Matumaini yalikuwa makubwa, kwa sababu dawa kama vinkristini hushambulia nyuzi zenyewe na kwa hiyo hudhuru pia mishipa ya fahamu, hali kuizuia Eg5 kunaziacha nyuzi salama.

Monastroli haikuwahi kuwa dawa. Nguvu yake ni ndogo mno. Kampaundi nyingine zenye umbo tofauti na nguvu kubwa zaidi, kama ispinesibi, zilipoizuia Eg5 katika majaribio kwa wagonjwa, hazikuonyesha manufaa ya kutosha. Kwa hiyo makala inaposema kampaundi ina uwezekano wa kupambana na saratani, mara nyingi maana yake ni mojawapo ya haya: ina pete inayofanana na ya monastroli, au imewekwa katika kisahani chenye seli za saratani na seli zikafa. Hilo la pili lina uzito zaidi, lakini hata jiki ya kufulia huua seli za saratani katika kisahani. Linalotafutwa ni kampaundi inayoziua hizo kwa kiasi kidogo na kuziacha seli nzima zikiishi, kisha ifyonzwe na mwili, isiharibiwe na ini, isisimamishe moyo, na baada ya wanyama ijaribiwe kwa watu.

Mwambie baba mkubwa kwamba mwanawe anafinyanga chungu. Chungu kizuri ni kazi ya heshima, lakini majirani wasije na sahani.

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu ana uvimbe katika titi tangu Pasaka. Kwenye stendi ya teksi hapa Jinja kuna kijana anayeuza bangili za sumaku na unga mweusi wa kunywa na maji, naye anasema vyuo vikuu vimethibitisha kwamba sumaku inaondoa kansa. Ametuonyesha makala kwenye simu yake. Je, ni kweli? — Mama wa watoto wanne, Jinja

JIBU: Si kweli, mama, na tafadhali msinunue. Makala unayoielezea yaelekea ni ya namna ile ile tuliyoijadili hapo juu, ambapo sumaku huondoa kichocheo kutoka kwenye chupa ya maabara. Haiondoi saratani kutoka kwa mtu. Kijana huyo ama hakuielewa au ameielewa vizuri sana.

Ni kweli kwamba chembe za oksaidi ya chuma zina matumizi ya hospitali. Marekani iliidhinisha mwaka 2009 dawa ya namna hiyo kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu, nayo huingizwa kwenye mshipa chini ya uangalizi kwa sababu wengine hupatwa na mzio mkali. Hiyo haihusiani na unga wa stendi, ambao hakuna ajuaye umesagwa kutokana na nini. Dawa inayouzwa kihalali nchini huwa imesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, nawe una haki ya kumwomba muuzaji akuonyeshe usajili huo.

Uvimbe wa titi uliodumu tangu Pasaka umekwisha kusubiri vya kutosha. Mpeleke kwa daktari wa hospitali ya rufaa iliyo karibu, akapigwe picha na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, maana uvimbe mwingi wa titi si saratani na ule ulio saratani hutibika vizuri zaidi ukiwahiwa. Ikithibitika, ataelekezwa Taasisi ya Saratani ya Uganda kule Mulago, ambayo ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958. Watoto wengi walipona kwa saiklofosfamidi, dawa iliyoundwa maabara na wanakemia, na ambayo bado inatumika kwa ugonjwa huo na kwa saratani ya titi pia. Mwambie dada yako kwamba kemia haimkimbii. Ipo, imepimwa kwa wagonjwa kwa miaka zaidi ya 60, na iko Kampala.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha sayansi katika shule ya sekondari karibu na Masaka. Kila msimu wa senene soko letu hujaa mabawa na miguu inayotupwa. Wanafunzi wangu wameuliza kama tunaweza kupata kitosani humo, au kwenye makombe ya konokono na magamba ya sangara kutoka Ziwa Nalubaale (Victoria), na kama magnetiti ya kule Sukulu inaweza kusagwa tukapata kichocheo cha Kiganda kabisa. — Mwalimu, Masaka

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri, na wamepatia kwenye senene tu.

Makombe ya konokono karibu yote ni kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa; kitini kilichomo ni kidogo mno. Magamba ya samaki ni kolajeni iliyoimarishwa kwa fosfeti ya kalsiamu, ambayo ni mada nyingine. Mabawa na miguu ya senene ni kitini kilichofungamana na protini, na kwa kuwa hayana chokaa nyingi kama maganda ya kamba, hatua ya kuyaosha kwa asidi huwa nyepesi.

Kuhusu Sukulu, ni kweli kwamba miamba ile iliyo karibu na Tororo ina magnetiti pamoja na fosfeti, tofauti na madini ya chuma ya Muko kule kusini-magharibi, ambayo ni hematiti na huvutwa na sumaku kwa unyonge sana. Lakini kinu hakisagi hadi nanomita 10. Mtakachopata ni mchanga mweusi unaong'ang'aniana, wenye uso mdogo na uchafu wa metali nyingine. Utumieni kuwaonyesha wanafunzi jinsi sumaku inavyotenga kitu kutoka kwenye mchanganyiko, nao watafurahi. Kichocheo chenyewe kitengenezwe kutokana na chumvi za chuma.

Utaratibu wa senene ni huu. Sageni mabawa makavu, yalowekeni katika asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, osheni, kisha yachemsheni taratibu katika haidroksaidi ya sodiamu iliyozimuliwa ili protini iondoke. Kinachobaki, kikiwa na rangi ya kahawia kwa sababu ya melanini, ni kitini, na kwa shule ningeshauri mkomee hapo. Kukigeuza kuwa kitosani kunahitaji haidroksaidi ya asilimia 40 hadi 50, kwa joto la karibu digrii 100 kwa saa kadhaa. Ni ile kostiki ya watengeneza sabuni, ila kali kiasi cha kupofusha jicho kwa tone moja, na darasa la watoto 60 si mahali pake. Pelekeni kitini chenu kwenye maabara ya chuo yenye vifaa, kikarudi kikiwa kitosani, kisha wanafunzi wakijaribu wenyewe: kitosani kitayeyuka katika asidi ya siki ya asilimia moja na kuwa ute, lakini kitini kitabaki chini vilevile kilivyokuwa.

Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, kwa hiyo zungumzeni mapema na akina mama wanaochambua sokoni wawawekee mabawa kwenye gunia la peke yake. Yaanikeni juani siku hiyohiyo, kwa kuwa mapaja huwa yana nyama iliyosalia, na yakilala ndani ya gunia usiku mmoja mtawakuta siafu wamefika kabla yenu.